Duka Namba Kumi na Nne

Aliyenitafutia ile kazi ni baba mkubwa. Nilikuwa na shahada ya sosholojia na nilikuwa nyumbani Mhezi, kijijini mlimani, mwaka wa tatu, napalilia maharage na mama, na kila Jumapili nje ya kanisa hakukosekana mtu wa kuniuliza kwa upole, "Bado tu, mwanangu?" Baba mkubwa hakuwahi kuniuliza. Alikuwa mwalimu mstaafu, kaka wa marehemu baba yangu, mgane asiye na mtoto wa kike, na ndiye aliyenisomesha tangu baba alipofariki. Alisikia kwa mwalimu mwenzake kwamba kuna watafiti wanakuja Same na wanatafuta vijana waliosoma, wenyeji, wanaosikia Chasu, lugha yetu Wapare. Akapanda gari la asubuhi, akateremka mjini, akaulizia ofisi moja baada ya nyingine, akarudi jioni na namba ya simu aliyoiandika kwa mwandiko wake wa ubaoni.

"Piga sasa hivi," alisema. "Kesho watakuwa wamepiga wengine."

Nikapiga, nikaitwa.

Watafiti walikuwa watatu kutoka chuo kikuu, kila mmoja na fani yake. Profesa, mama mtulivu wa sosholojia, alitaka kujua watu wa kwetu wananunuaje dawa za presha, na wauzaji wanawaambia nini. Mfamasia, ambaye nilimwona mara mbili tu, alitaka kujua dawa hizo zinafanya nini kwa mtu anayezimeza leo na kuziacha kesho. Wa tatu alikuwa mkemia, mhadhiri kijana, mcheshi, ambaye hakujali sana habari za watu. Yeye alitaka vidonge vyenyewe, avisage, avipime maabara, aone ndani yake kuna nini.

Tulifundishwa wiki nzima kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni mjini Same, feni ikituzungushia hewa ya moto. Kazi yetu sisi wasaidizi ilikuwa kuingia maduka ya dawa kama wateja wa kawaida. Unasema una mgonjwa wa presha nyumbani, cheti chake kimepotea, unaomba vidonge. Ukishapewa unatoka, unatafuta mahali pa kujificha, unajaza majibu kwenye kishikwambi, vidonge unavitia kwenye bahasha yenye namba. Muuzaji hajui. Akijua atakuuzia kwa adabu, na wao walitaka kuona asipojua.

Mimi nilipoulizwa mgonjwa wangu nitamwita nani, nilisema ni mama, yuko mlimani, hawezi kuteremka. Profesa akatabasamu. "Wewe umezaliwa kwa kazi hii," alisema. "Unasema kama kweli."

Ilikuwa kweli. Mama ana presha tangu mwaka aliofariki baba.

Tulisaini karatasi ya kutunza siri. Hatutataja jina la duka lolote, kwa mtu yeyote, wakati wowote. Kila duka lingekuwa namba. Na ukitumwa kwenye duka ambalo muuzaji anakufahamu, usiingie, toa taarifa abadilishwe mtu. Hayo yote niliyasoma kabla ya kusaini. Sitasema sikuelewa.

Niliipenda kazi, lazima niseme. Nilizunguka kutoka mji mdogo wa Kifaru hadi vijiji vya tambarare ambako muuzaji anaongea Kimaasai kuliko Kiswahili. Kwenye duka moja huko nilisimama nyuma ya mama wa kifugaji aliyeambiwa vidonge vyake agawane na mumewe, kwa kuwa wote wawili vichwa vinawauma. Nilijaza hayo kwenye kishikwambi kwa furaha. Niliona ninafanya jambo kubwa. Nikipanda Mhezi mwisho wa wiki baba mkubwa ananisubiri kibarazani, anataka nimsimulie, nami namsimulia bila majina. "Huo ndio usomi," anasema. "Kwenda kuona kwa macho."

Duka namba kumi na nne halikuwa langu. Lilikuwa la mwenzangu, naye akaugua tumbo siku ile. Nikapewa karatasi yake, na nilipoisoma nilijua mara moja. Ni duka dogo jirani na stendi, la nesi mstaafu ambaye nusu ya Same amewahi kuidunga sindano. Dawa za mama nilikuwa nanunua pale kila mwezi. Baba mkubwa naye alikuwa na presha, na zake alinunua pale pale. Alikuwa amemfundisha yule nesi darasa la nne, na kila akiteremka mjini hukaa kwenye benchi lake wakaongea mpaka gari lijae.

Ilitakiwa nipige simu niseme, huyu ananijua. Sikupiga. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimeshakataa duka jingine kwa sababu ya shangazi yangu, na msimamizi wetu wa nyanjani alikuwa ameniambia, kwa mzaha usio mzaha, kwamba Wapare wote ni ndugu na utafiti hautaisha. Nikaona aibu kurudia. Nikaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umerudi? Za mama si ulichukua juzi?"

"Zilianguka kwenye gari. Tulipofika hatukuziona."

Akasikitika kweli. Alifungua kabati la kioo, akatoa pakiti, akanikanya nisimwache mama akae siku hata mbili bila kumeza, kwa sababu presha haipigi hodi. Akaniuliza kama chumvi amepunguza. Akaniuliza kama bado anapanda shamba la juu. Kisha akachukua chungwa kwenye mfuko wake wa sokoni, akaniwekea juu ya pakiti, akasema nile njiani, jua kali.

Nilienda kukaa nyuma ya kibanda cha vocha nikajaza fomu. Muuzaji aliomba cheti? Hapana. Alitoa ushauri? Ndiyo. Alimwuliza mteja hali ya mgonjwa? Ndiyo. Lile chungwa halikuwa na sehemu ya kuandikwa. Nililila.

Tukamaliza, bahasha zikaenda maabara, nami nikabakizwa Same kusaidia kunukuu mahojiano. Mvua ya vuli ikawa inakaribia kwisha. Asubuhi moja mkemia akanipigia.

"Wewe ndiye uliyeleta kumi na nne?"

"Ndiyo."

"Uliiacha juani? Kwenye gari, dirishani, mahali popote pa joto?"

"Hapana. Ilitoka kabatini, nikaitia kwenye bahasha, jioni ile ile nikaikabidhi."

"Basi tatizo limetoka nayo kiwandani, kama ni kiwanda kweli. Dawa iliyomo ni kidogo mno. Vidonge viwili, ndani yake ni kama hamna kitu."

"Kuna nini, sasa?"

"Wanga. Unga tu umekandamizwa. Aisee, sikupaswa kukuambia. Usimwambie mtu."

Nilikuwa nimesimama kwenye uwanja wa nyumba niliyopanga, upepo wa Same unanipulizia vumbi mdomoni. Nilimpigia profesa hapo hapo. Hakukasirika. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaongea taratibu, kama mtu anayemweleza mwanafunzi anayempenda.

"Hiyo ni sampuli ya duka moja. Inabidi irudiwe, na tukirudia inabidi tuthibitishe. Pia tuliahidi kwenye kibali cha maadili kwamba hakuna duka litakalojulikana. Tukilivunja hilo mara moja, hakuna atakayeturuhusu kufanya utafiti tena. Unanielewa?"

"Lakini watu wanavimeza, profesa. Leo wanavimeza."

"Ndiyo maana tunafanya utafiti. Taarifa itapelekwa kwa wahusika."

"Lini?"

"Ikikamilika."

Nikasema sawa. Hilo neno nimelifikiria sana. Sikubishana, sikulia, sikutishia kuacha kazi. Nilisema sawa, nikamshukuru kwa muda wake.

Kisha nikafanya kitu ambacho nimekificha kwa watu wengi. Wiki ile nilienda dirisha la dawa la hospitali, nikapanga foleni, nikapata dawa za mama za kampuni nyingine. Nikapanda nazo Mhezi. Zile za zamani nilizikusanya kwenye kikopo chake nikazitupa chooni. Mama akaniuliza kulikoni.

"Za hospitali ni nzuri zaidi," nilimwambia. "Daktari kasema kwa umri wako umeze hizi."

Akameza bila kuuliza zaidi. Mama yangu aliamini kila kilichotoka kinywani mwangu, kwa kuwa nilikuwa nimesoma.

Siku ya tatu baada ya kumpelekea mama dawa nilikutana na baba mkubwa stendi ya Same. Alikuwa ametoka kwa nesi. Bahasha ndogo ya kaki ilichungulia kwenye mfuko wa shati lake, juu ya kalamu. Alifurahi kuniona, akataka kujua utafiti umefikia wapi. Nilimwambia bado wanapima. Akauliza wanapimaje, nikamweleza habari za maabara, mashine, jinsi kidonge kinavyosagwa na kuyeyushwa. Alisikiliza kama mtoto. Bahasha nilikuwa naiona muda wote. Nilijua nikimwambia hatanyamaza, angegeuka pale pale kurudi dukani kumwuliza mwanafunzi wake, kwa sauti, mbele ya wateja. Ndivyo alivyokuwa. Kesho yake Same nzima ingejua, na mimi kazi sina. Nilijiambia watathibitisha karibuni. Nilijiambia sampuli ni moja. Nikamsaidia kupanda gari, nikampungia mkono.

Alianguka Jumapili moja, wiki kadhaa baadaye, kanisani, akiwa anasoma somo la kwanza. Nilikuwepo. Alikuwa msomaji wetu tangu sijazaliwa, hakuna aliyesoma kama yeye. Alifika katikati ya mstari, akalirudia neno moja, akalirudia tena, la tatu likatoka limepinda. Watu wakadhani miwani. Kisha mkono wake wa kulia ukateleza kwenye kitabu, naye akaufuata chini.

Tulimteremsha hadi Same kwa gari la mchungaji, kichwa chake kimelala mapajani mwa mama. Hospitali walisema ni kiharusi. Daktari, kijana mwenye macho ya kuchoka, alipima presha yake akatikisa kichwa.

"Alikuwa anameza dawa?"

"Kila siku," mama alisema. "Huyu ni mwalimu. Ameweka saa."

"Mama, wazee wote husema hivyo. Presha hii si ya mtu anayemeza dawa. Alikuwa anaruka dozi."

"Shemeji yangu haruki kitu."

"Alikuwa anaruka, mama."

Mama alinigeukia nimsaidie. Nilikuwa nimesimama miguuni mwa kitanda. Mtu pekee mle chumbani aliyejua kwa nini presha ile ilikuwa vile ni mimi, na nilitazama sakafu. Hapa niseme jambo moja kwa haki. Hakuna aliyethibitisha. Pakiti aliyokuwa anaimeza haikupimwa na mtu, na wazee hupata kiharusi hata wakimeza dawa nzuri. Ningeweza kujificha nyuma ya hilo maisha yangu yote, na ninao wenzangu wasomi watakaoniambia nina haki ya kujificha. Lakini nilichokijua nilikijua kabla.

Jumatatu nilienda kwa nesi. Nilisubiri mteja wa mwisho atoke, nikamwambia yote, kuanzia siku ile ya uongo wa gari. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliinuka, nikadhani atanifukuza. Akachukua mkoba wake, akaufungua, akatoa pakiti moja akaiweka juu ya kioo mbele yangu. Ilikuwa aina ile ile. Nusu ilikuwa imeshatumika.

"Hizi ni zangu," alisema. "Na mimi nina presha. Namwuzia mtu ninachokimeza."

Akaufunga mkoba.

"Toka mvua za vuli umejua?"

"Ndiyo, mama."

"Na umepita hapa mara ngapi? Umenisalimia mara ngapi?"

Nikaanza kumweleza habari za karatasi niliyosaini. Alinyoosha kiganja ninyamaze.

"Mimi nimekuwa nesi miaka yote ile. Siri za watu ninazo mpaka kaburini. Lakini siri ya mgonjwa haijawahi kumuua mgonjwa. Mwalimu wangu yuko wodini, mwanangu."

Alizitoa pakiti zote kabatini mimi nikiwa bado nimesimama. Kesho yake alibandika karatasi mlangoni, kwa mkono wake, akiwaomba wote walionunua dawa za presha kwake wazirudishe. Hakuna mtafiti aliyefanya hivyo. Alifanya yeye, na ndiye aliyeumia. Wakala wa jumla aliyemletea ule mzigo alikana, ingawa karatasi za manunuzi nesi alikuwa nazo. Watu wakasema nesi alikuwa anawauzia unga. Mama mmoja alimtemea mate sokoni. Kabla ya Pasaka alikuwa amefunga duka na kuhamia kwa mwanawe, mbali. Yule wakala bado yupo. Gari lake huwa naliona likipita barabara kuu.

Mimi nilipigiwa simu na profesa siku chache tu baada ya ile karatasi ya mlangoni. Malalamiko ya wakala yalikuwa yamefika chuoni. Sauti yake ilikuwa ile ile ya upole.

"Umeniweka pabaya sana," alisema. "Nilikuamini."

"Baba yangu mkubwa amepooza, profesa."

"Pole sana. Kweli, pole sana. Kishikwambi utamkabidhi msimamizi."

Makala yao ilitoka baadaye. Niliisoma kwenye simu, nimekaa kwenye kijiwe cha bodaboda nasubiri usafiri wa kupanda. Imeandikwa vizuri, siwezi kuisema vibaya. Inasema baadhi ya sampuli hazikufikia kiwango kinachotakiwa, na kwamba utafiti zaidi unahitajika. Duka namba kumi na nne ni nukta ndogo kwenye mchoro, chini kabisa, peke yake. Mwishoni wanawashukuru wasaidizi wa nyanjani na wananchi wa Same kwa ushirikiano wao.

Mama hakujua lolote mpaka habari za karatasi ya mlangoni zilipopanda mlimani. Siku hiyo tulikuwa tunachambua maharage uani, baba mkubwa amelala chumba cha mbele, maana baada ya hospitali tulimleta kwetu. Mama aliongea bila kuinua macho kwenye ungo.

"Ulinibadilishia dawa lini?"

"Wakati wa vuli."

"Uliniambia daktari kasema."

"Ndiyo."

"Alisema?"

"Hapana, mama."

Mikono yake ikasimama. "Kwa hiyo ulijua. Ukaja ukanidanganya mimi, nikapona. Uongo ule ule, mwanangu, ungemtosha na shemeji yangu. Usingevunja siri ya mtu. Ungemwambia tu za hospitali ni nzuri zaidi."

Kabla ya hapo nilikuwa na maelezo mengi. Kiapo, kibali, kazi, tabia ya baba mkubwa ya kusema ovyo. Nilikuwa nimeyapanga kichwani kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Mama, aliyeishia darasa la saba, aliyaondoa yote kwa sentensi moja. Sikuwahi kufikiria hilo. Nakuambia kweli, halikunijia akilini. Nilifikiria uongo wa kumwokoa mama, nikaridhika, nikaacha kufikiri.

Mama hakunifukuza. Ananipikia, ananiitikia shikamoo, tunaenda kanisani pamoja. Ila aliacha kuniuliza mambo. Zamani barua ikija, tangazo la kijiji likija, dawa mpya ikija, alinipa mimi nisome. Siku hizi anampelekea mwalimu wa shule ya jirani.

Sasa nafundisha masomo ya jioni kwa watoto wanaorudia mtihani, na nusu ya siku namhudumia baba mkubwa. Namwosha, namlisha uji kwa upande wa mdomo ulio mzima, namgeuza asipate vidonda. Maneno yamempotea karibu yote. Limebaki moja, lile alilokuwa analiandika kwa kalamu nyekundu kwenye madaftari yetu: vizuri. Ukimpa maji, vizuri. Ukimwumiza wakati wa kumvisha shati, vizuri, huku machozi yanamtoka.

Mwezi uliopita nilimwambia. Ilikuwa saa nne asubuhi, ukungu umeanza kuondoka, nimemtoa kibarazani aote jua. Nilikaa chini karibu na miguu yake nikamwambia yote kwa Chasu, kwa sababu kwa Kiswahili ningejificha tena kwenye maneno ya kisomi. Nilimwambia habari za bahasha ya kaki pale stendi, kwamba niliiona na nilijua. Alinitazama muda wote. Jicho lake la kushoto ni zima, na sidhani kama kuna kinacholipita.

Nilipomaliza alihangaika na mdomo muda mrefu, shingo imemkaza, mate yanamtiririka kidevuni. Nikamfuta. Kisha likatoka.

"Vizuri," alisema.

Nikamwuliza amesikia nilichosema. Akasema vizuri. Nikamwuliza amenikasirikia. Akasema hilo hilo, kwa sauti ile ile, akigeuzia uso wake upande wa bonde ambako watoto walikuwa wanapiga kelele wakielekea mtoni.